Mwangwi wa Mawe Tisa

Kabla Kawira hajaanza kuchagua mawe, alichagua kahawa. Alimaliza darasa la nane, akakaa miaka sita kwenye meza ndefu za kiwanda kimoja karibu na Runyenjes, akitenga punje nzuri na zilizopasuka, hadi vidole vyake vikawa vinajua kasoro kabla jicho halijaiona. Siku moja mwanamke mrefu mwenye koti la mvua akaingia, akasimama nyuma yake robo saa nzima bila kusema neno. Wenzake wakadhani ni mkaguzi, wakanyamaza. Kumbe alikuwa Daktari Nelius Ngari, anayefundisha fizikia katika chuo kimoja mjini Embu.

"Unaweza kuchagua vitu vidogo kuliko hivi?" akauliza.

"Vidogo kiasi gani?"

"Nusu ya ndengu."

"Kama vinaonekana, vinachagulika," Kawira akasema, wala hakuinua kichwa.

Sasa ilikuwa miaka mitatu tangu siku hiyo. Kawira alikuwa na meza yake mwenyewe katika maabara ya Daktari Nelius, na juu yake hadubini na taa. Kazi yake ilikuwa mawe. Wenye elimu waliyaita fuwele, lakini pale ndani hata Daktari alisema mawe. Yalikuzwa kwenye tanuri kwa wiki nyingi, polepole, yakatoka ya kijani iliyoiva kama jani la chai. Kawira aliyachukua moja moja kwa koleo jembamba, akaliweka kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga, akaligeuza taratibu mpaka likawa jeusi ghafla. Weusi huo ulimwambia jiwe limelala upande upi. Lile lenye ufa ndani halikuwa jeusi lote, lilibaki na doa la mwanga, naye akalitupa kwenye kopo. Yale mazuri aliyapanga kwenye kibati cha shaba, yote yakitazama upande mmoja. Safari hii yalikuwa tisa. Alikuwa ameangalia mia mbili na kumi na manne kuyapata.

"Umeyapanga kama watoto wa darasa la kwanza," Gichovi alimtania. Gichovi alikuwa fundi wa leza, mtu wa Mbeere, mwenye majani ya muguka shavuni na mdomo usiopumzika.

Ni yeye aliyemweleza kilichomo ndani ya mawe hayo. "Chukua foleni ya watu," alimwambia. "Wa kwanza ametazama mlima, wa pili ameupa mgongo, ametazama Mbeere, wa tatu mlima, wa nne Mbeere. Hivyo ndivyo visumaku vilivyojipanga humo. Sasa mgeuze mtu mmoja. Amefanana na jirani wa kushoto, amefanana na jirani wa kulia. Hayo ni makosa mawili. Jirani naye akigeuka, kosa moja linasogea mbele. Mwingine akigeuka, linasogea tena. Yale makosa mawili yanaachana, kila moja linashika njia yake. Umegusa mtu mmoja, wametoka wasafiri wawili, kila mmoja nusu."

"Nusu ya mtu?"

"Nusu ya kule kugeuka. Wanaitwa spinoni. Na hakuna mtu anaweza kukushikia mmoja mkononi akuonyeshe."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ukilimulika jiwe kwa mwanga wa kawaida wa kazi ile, ambao jicho halioni, kompyuta ilichora nundu moja pana, kama kilima cha Kirimiri. Huenda nundu ile ilikuwa spinoni, jozi nyingi zenye mwendo mbalimbali zikionekana kwa pamoja. Huenda pia yalikuwa mawe machafu tu, kwa sababu jiwe chafu nalo huchora nundu pana.

Profesa Mithika wa Meru, mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mradi, alikuwa ameshachagua upande. Barua yake ilipofika, Daktari Nelius aliileta hadi kwenye meza ya Kawira.

"Nakusomea kwa sababu inakuhusu," akasema, akasoma. Profesa aliandika kwamba upana ule ni wa uchafu. Kwamba haoni ajabu, maana mawe yamepangwa na mchagua kahawa. Kwamba kama mwisho wa mwezi hakuna ushahidi mwingine, meza ya kupanga mawe ifungwe, na mradi ununue mawe ng'ambo.

Kawira aliichukua ile barua, akaisoma mwenyewe kutoka juu mpaka chini, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Ushahidi mwingine ni upi?" akauliza.

"Kupiga mara mbili," Daktari alisema.

Akavuta kiti. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alieleza. "Fikiria watu wanatoka kanisani Jumapili. Kila mmoja na mwendo wake. Vijana wako mbali, Mzee Nthiga na magoti yake mabovu yuko hapo getini. Baada ya dakika tano wametawanyika barabara nzima, huwezi kujua walikuwa kundi moja. Sasa mvua inaanza, wote wanageuka kwa mara moja, kila mmoja kwa mwendo wake uleule. Watafika mlangoni lini?"

Kawira akafikiri. "Kwa pamoja. Aliyeenda mbali ndiye mwenye mbio."

"Ndiyo. Huo ndio mwangwi. Mpigo wa kwanza wa mwanga unawatoa kanisani, wa pili ndio mvua. Spinoni zikiwa safi, zitarudi kwa wakati mmoja, nasi tutaona mstari mwembamba mahali pa ile nundu. Lakini jiwe likiwa chafu, njiani wengine watasimama kupiga porojo, wengine wataanguka mtaroni. Hakuna atakayerudi kwa wakati, na nundu itabaki nundu."

"Na mtajuaje huo mstari si wa mpigo wa kwanza tu, ama wa pili tu?"

Daktari Nelius alimtazama kidogo. "Tunapima wa kwanza peke yake. Tunapima wa pili peke yake. Kisha yote miwili pamoja. Tunatoa ule wa kwanza, tunatoa ule wa pili. Kinachobaki ndicho ambacho hakuna hata mmoja angekileta peke yake."

Wakapima wiki tatu. Hakukubaki chochote ila chengachenga za nukta kwenye kompyuta. Gichovi akaacha utani, na akiacha utani ujue mambo ni mabaya. Halafu Jumanne moja, wakati wakuu wa chuo wametembelea maabara, mstari ukatokea. Ulikuwa umekolea, umelala mshazari kwenye kioo cha kompyuta. Jumatano haukuwepo. Ijumaa wakaja wageni wengine, walimu kutoka Ruiri, ukatokea tena.

"Hii mashine inapenda wageni," Gichovi akasema, akazunguka chumba kizima akicheza.

Daktari Nelius akachapisha mchoro, akamtumia Profesa Mithika, akamwalika aje Alhamisi inayofuata ajionee.

Kawira alifurahi kama wao. Mawe yake yalikuwa safi, na mtu wa Meru angekuja kuyaona. Lakini Jumatatu, alipokwenda ghalani kubadilisha chembe za kukaushia, furaha ikamshuka.

Mwanga wa kazi ile una adui mmoja, unyevu. Mvuke wa maji huula na kuuvuruga, ndiyo maana leza ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa, likipulizwa hewa kavu. Hewa hiyo ilivutwa na pampu kutoka ghala la pembeni, ikapitishwa kwenye mtungi wa kioo wenye chembe za kukaushia. Zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba maji zinakuwa za waridi, naye Kawira huzioka kwenye jiko la umeme zirudie buluu. Kwa kawaida zilimaliza wiki mbili. Safari hii alikuwa amezioka Jumatatu iliyopita tu, na tayari zote zilikuwa za waridi, kuanzia chini hadi kwenye kizibo.

Akasimama pale akiangalia. Kando ya pampu, umbali wa mkono mmoja, kulikuwa na jiko la gesi na sufuria kubwa ya chai. Jikoni mwa chuo mlikuwa mnavuja tangu mvua za Mei, basi jiko lilihamishiwa ghalani. Na aliyepika chai ni yeye. Siku za kawaida walijaza chupa asubuhi na mapema, kabla leza haijawashwa. Wageni wakija ni mambo mengine. Mgeni hapewi chai ya chupa iliyolala. Anapikiwa ya maziwa, mbele ya pua yake, mpaka ipande na kushuka mara tatu.

Akachukua daftari lake, akatazama tarehe. Jumanne, wageni, saa nne na nusu. Ijumaa, wageni, saa tano kasoro. Akatazama saa zilizoandikwa chini ya michoro. Zilikuwa zilezile.

Hewa ikibadilika kati ya mpigo wa kwanza na ile miwili ya pamoja, alijiambia, ukitoa hiki na hiki, kinachobaki si cha jiwe.

Siku hiyo hakusema. Aliyaweka mawe yake chini ya hadubini, akayaangalia moja baada ya jingine, kama mtu anayeaga. Akinyamaza, Profesa angekuja, chai ingepikwa, mstari ungetokea, na meza isingefungwa. Nani angejua? Lakini kule kiwandani alikuwa amewaona watu wanaoweka kahawa nzuri juu ya gunia na mbovu chini. Aliwajua kwa majina, na alijua walivyotajwa wakishapita. Tena lilikuwepo jambo moja lililomuuma kuliko yote: mawe yake kusifiwa kwa kazi ya sufuria.

Jumanne asubuhi akamfuata Daktari Nelius. "Daktari, ondoa mawe kwenye sanduku. Pima bila kitu."

"Kwa nini?"

"Nitawasha jiko."

Daktari hakuuliza tena. Gichovi akatoa kibati, sanduku likabaki tupu, leza ikawashwa. Kawira akapika chai ya maziwa kama ya wageni, ikapanda, ikashuka. Wakangoja. Kompyuta ikatoa mpigo wa kwanza, ikatoa wa pili, na pale kwenye kioo, bila jiwe hata moja ndani, mstari ukatokea mshazari, umekolea vilevile.

Gichovi akafungua sanduku, akahakikisha ni tupu.

"Kwa hivyo," Gichovi akasema hatimaye, "tumekuwa tukipima chai."

"Na maziwa," Daktari Nelius akasema, akaketi, akafunika uso kwa mikono. Walidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, kisha kicheko kikaisha. "Keshokutwa ndiyo Alhamisi. Nimwambie asije."

"Aje," Kawira akasema.

"Kawira, sina cha kumwonyesha."

"Hamjapima mawe yangu bado. Mmepima hewa. Mawe yangu hayana chai ndani."

Wakaliondoa jiko ghalani. Jumatano Kawira akaoka chembe zote, na Gichovi akaziba kila tundu la sanduku. Wakapima sanduku tupu lililokauka, likatoka jeupe, hakuna mstari. Wakarudisha mawe. Daktari akapiga hesabu, akasema mwangwi wa kweli, kama upo, ni mdogo mno. Ungehitaji kukusanywa saa nne mfululizo ndipo uonekane. Kwa saa hizo hakuna kuwasha jiko popote katika jengo lile wala kufungua mlango ovyo.

"Na mgeni?" Gichovi akauliza.

Wakatazamana. Profesa alikuwa mzee wa miaka sabini, angeondoka Meru kukiwa bado giza.

"Mgeni nitamwambia mimi," Kawira akasema.

Profesa Mithika alifika saa mbili na nusu, mtu mfupi, mnene, koti zito limefungwa mpaka shingoni. Akasalimia kila mtu kwa mkono, akapewa kiti mbele ya kompyuta, na mashine ikaanza. Saa tatu akasoma karatasi zake. Saa nne akautazama mlango. Saa nne na nusu akasafisha koo.

"Nelius," akasema, "Embu siku hizi wageni hawaulizwi wameshindaje na baridi?"

Daktari Nelius akamgeukia Kawira. Kawira akasimama.

"Profesa, utusamehe. Leo hatupiki chai mpaka mashine imalize."

"Mpaka mashine imalize."

"Ndiyo."

"Nimetoka nyumbani saa kumi usiku. Kwetu Kianjai, hata mtu aliyekuja kukushtaki hupewa uji kwanza, halafu ndiyo mgombane."

"Huku pia, Prof," Gichovi akasema. "Leo tumekosa adabu kwa sababu."

Kawira akamweleza sababu. Hakuharakisha. Alimwambia kuhusu ghala, pampu na sufuria, jinsi wageni walivyoleta mstari na kuondoka nao, na jinsi ulivyotokea bila jiwe lolote. Alitumia maneno ya kawaida, na kila mara Profesa alipomtazama Daktari Nelius, Daktari aliitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

Profesa akatoa mchoro mfukoni. "Huu mlionitumia?"

"Huo ni chai," Kawira akasema.

Mzee akautazama mchoro, akaugeuza, kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na maelezo mengine. "Nani aligundua?"

"Chembe zilikuwa za waridi kabla ya siku zake. Na ni mimi hupika."

"Na wewe ni nani hapa, mwari?"

"Mimi ndiye yule mchagua kahawa."

Gichovi akaacha kutafuna. Profesa Mithika akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akalitundika nyuma ya kiti.

"Basi tushinde njaa," akasema.

Saa sita na nusu zile saa nne zilitimia. Daktari Nelius akautoa mpigo wa kwanza, akautoa wa pili. Kwenye kioo kukabaki chengachenga, na katikati ya chengachenga, mshazari, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Haukukolea kama ule wa chai. Ilibidi usogee karibu. Lakini ulinyooka, na ulikuwa pale pale ambapo hesabu za Daktari zilisema utakuwa.

Profesa akaegemea mbele. "Sanduku tupu mlipima?" Akaonyeshwa la jana, jeupe. "Pasheni mawe joto."

Daktari akamweleza Kawira kwa sauti ya chini, ijapokuwa Kawira alishaelewa: joto likipanda foleni inavurugika, kila kisumaku kinatazama kinakotaka, na spinoni hazina tena mstari wa kusafiria. Kama uzi ni wa spinoni, utapotea. Wakapasha, wakakusanya tena. Uzi ukapotea. Wakapoza, na ilipofika saa tatu usiku uzi ulikuwa umerudi mahali pake. Kwa siku nzima hakuna mtu aliyekula wala kunywa, na tumbo la Gichovi lilinguruma mpaka Profesa akamwambia amtoe mbwa wake nje.

"Lete mawe," Profesa akasema.

Kawira akayaweka chini ya hadubini, akampisha kiti. Profesa akakunja uso, akasogeza jicho, akageuza kioo cha kuchuja. Mawe tisa ya kijani yakawa meusi kwa pamoja. Akageuza tena, yakawaka kwa pamoja. Akafanya hivyo mara ya tatu, na Kawira, aliyesimama nyuma yake, alihitaji tu kuusikiliza mkono wa mzee kwenye kioo ili ajue kila yalipozima na kuwaka.

"Kati ya mangapi?"

"Mia mbili na kumi na manne."

"Hili la pembeni limevunjika kona. Mbona ulilikubali?"

"Kona si ufa. Ndani ni safi."

Alirudisha jicho, akakaa nalo muda. "Ni safi," akasema. Kisha kwa Daktari Nelius, bila kuinuka kwenye hadubini: "Ripoti ya kamati nitaiandika upya usiku huu. Meza hii haifungwi. Na kwenye maelezo yenu ya mradi, pale mlipotaja waliofanya kazi, nataka jina la huyu msichana liwe kwenye mstari mmoja na lako, si chini kwa herufi ndogo."

"Lilikuwa hapo tayari," Daktari Nelius akasema. "Ukurasa wa kwanza. Hukulisoma."

Gichovi akageuka kutazama dirishani. Profesa akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepokea haki yake. Halafu akamgeukia Kawira.

"Nataka kibati kama hiki kwa maabara yetu Meru. Mawe kumi na mawili. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao hapana," Kawira akasema.

"Nani anaamua?"

Daktari Nelius alinyoosha kidole kwa Kawira, akaendelea kuzima mashine.

"Baada ya Krismasi," Kawira akasema. "Yanakua polepole, na mengi nitayakataa. Tena kwanza mtu wenu aje huku wiki mbili nimfundishe kuyashika. Sitaki yafike Meru yageuzwe ovyo."

"Aje mtu wa namna gani? Mwenye digrii ngapi?"

"Mwenye subira."

Profesa Mithika alivaa koti lake, akafunga vifungo mpaka shingoni, akifikiria wanafunzi wake mmoja mmoja, na usoni ilionekana hampati.

"Nitakuja mwenyewe," akasema.

"Sawa," Kawira akasema. "Uje na miwani."